Siku Arobaini za Kichwa Kuuma

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Mtaa wetu wote wa Gitothua umekuwa tope.

Daktari Kagwe wa kliniki ya hapa Ruiru amenipa kazi ya shule nikiwa na umri wa miaka thelathini na minane. Ninunue daftari, niandike kila siku nilichokula na saa niliyokula, maji niliyokunywa, usingizi niliopata, na kichwa: kilianza saa ngapi, kikaniachia saa ngapi. "Mama, mara mingi kichwa inaanzia kwa tumbo," aliniambia. "Niletee hiyo daftari after wiki mbili, tutajua pa kuanzia."

Nimenunua mawili. La kijani ni lake. Hili la bluu ni langu, kwa sababu kuna mambo ambayo siwezi kumwandikia mwanamume aliyeniuliza kama choo changu ni kigumu au laini.

Jambo la kwanza: leo ni siku ya kwanza ya mfungo wa akina mama kanisani. Siku arobaini, kuanzia alfajiri mpaka saa kumi na mbili jioni, bila chakula wala maji. Jana kila mmoja wetu aliandika ombi lake kwenye kikaratasi, akakikunja na kukitia kikapuni. Mama Mchungaji akatukumbusha sharti. Anayefunga hatangazi. Aoge, ajipake mafuta, acheke na watu kama kawaida. Akishasema, mfungo wake umeharibika.

Jambo la pili ni ombi langu. Niliandika: Usinichukue kabla Lynn hajamaliza shule.

La tatu ndilo lililozaa hayo mawili. Kichwa hiki kinachonigonga upande wa kulia tangu Februari kinafanana na kile kilichomwanza dada yangu Dorine. Tulimzika kwetu Siaya miaka mitatu iliyopita, na uvimbe wake kichwani. Lynn ni mtoto wake. Sasa ana miaka kumi na mitatu, yuko Gredi ya Nane, na ananiita Mama. Mimi sina mwingine, na yeye hana mwingine.

Jumanne, 29 Aprili

Kichwa saa nane mchana mpaka saa tatu usiku. Vidonge viwili vya dukani. Kwenye la kijani nimeandika: uji asubuhi, githeri mchana, maji glasi sita. Si uongo wa kumdhuru mtu. Ningeandika ukweli ningekuwa nimetangaza.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi, kwa hivyo niko nyumbani na Lynn yuko nyumbani, na kufunga mbele ya mtoto mwenye macho ni kazi kuliko ile ya kiwandani. Nilipika chai, nikajimiminia kikombe, nikatoka nacho barazani kana kwamba nakwenda kuangalia mvua, nikakimwaga kwenye mtaro. Niliporudi aliangalia kikombe, kisha akaniangalia mimi.

"Umemaliza haraka," akasema.

"Ilikuwa imepoa."

Chai ile ilikuwa na tangawizi. Kabla ya mfungo nilikuwa mtu wa vikombe vitano kwa siku, majani mengi, rangi ya matope. Kufikia adhuhuri kichwa kilikuwa kimeshika mpaka nyuma ya jicho.

Jumapili, 4 Mei

Kanisani. Akina mama wote tunang'aa kwa mafuta, tunacheka ovyo. Kichwa.

Jumatatu, 5 Mei

Niandike kidogo kuhusu kazini. Kiwanda chetu kiko Thika, tunachambua makadamia. Mkanda unapita na kokwa, sisi wanawake tumejipanga huku na huku, tunatoa zilizooza na zilizovunjika. Kofia, glavu, koti jeupe, gambuti. Ukitaka kwenda chooni unavua vyote, unarudi, unanawa mpaka kiwikoni, unavaa vyote, na mkanda haukungoji. Kwa hivyo hapa tumezoea kutokunywa maji mpaka saa saba. Hakuna aliyetuamuru. Mgeni akija na chupa ya maji tunamwonea huruma, na baada ya wiki moja chupa inabaki kabatini. Kufunga mahali kama hapa ni rahisi kwa sababu nusu ya siku kila mtu ni kama amefunga. Kigumu ni harufu ya kokwa zikikaushwa, inakuja kwa vipindi na kukufanya umeze mate.

Saa saba Waruguru, jirani yangu kwenye mkanda, alifungua mkebe wake wa nduma na chai. Amenizoea miaka sita na hajui kunyamaza.

"Benta, kunywa hata kidogo. Hiyo kichwa yako ni ya njaa, mimi nakwambia."

"Nilikula asubuhi."

"Ulikula nini, upepo?"

Wenzetu wakacheka, nami nikacheka kama sharti linavyotaka. Lakini neno lile la njaa sitaki kulisikia. Nilitoka nikaenda kusimama kwenye banda la baiskeli mpaka kengele ilipolia.

Jumatano, 7 Mei

Mvua. Vidonge viwili asubuhi, viwili mchana. Nilivimeza bila maji.

Ijumaa, 9 Mei

Nimeona nyota nikiinama kufunga kamba za viatu. Dorine aliona nyota. Nimekaa kitandani nikijaribu kukumbuka kama nyota zake zilikuja mwezi wa tatu wa kuumwa au wa nne. Mimi niko mwezi wa nne.

Jumatatu, 12 Mei

Nimetoka kliniki.

Daktari Kagwe alisoma daftari la kijani lote, ukurasa kwa ukurasa, kidole kikishuka taratibu. Nilikuwa nimeliandika vizuri. Kuna mayai humo, kuna ndizi, kuna maharagwe mara tatu kwa wiki. Alinimulika machoni kwa tochi ndogo, akanitembeza kwenye mstari wa vigae, kisigino mbele ya kidole. Akaniambia nifuate kalamu yake kwa macho. Akasema hapo haoni kibaya.

Kisha akafunga daftari na uso wake ukabadilika.

"Mama, nilikuwa naomba nipate kosa hapa," akasema, akigonga daftari. "Watu wengi wanaruka breakfast, hawakunywi maji, wanakaa na njaa mpaka jioni. Hiyo peke yake inaweza leta kichwa kila siku. Lakini wewe unakula vizuri kuliko mimi. Na kichwa inakuja siku tano kwa wiki. Na ukaniambia sister yako alikuwa na nini."

Akaandika karatasi ya kwenda kupigwa picha ya ubongo, skani, kwenye kituo kimoja Thika. Nilipiga simu nikiwa bado kwenye benchi la nje. Nafasi ya karibu ni Ijumaa, tarehe sita Juni. Nikahesabu. Ni siku ya arobaini ya mfungo, na sikuipanga mimi.

Daktari amekiondoa chakula kwenye orodha, kumebaki kile kilichomuua Dorine.

Jumanne, 13 Mei

Nimeongeza mfungo. Jioni nitakula tunda na chai ya rangi tu. Nimemwambia Lynn nimekula kwa Waruguru.

Jumatano, 14 Mei

Kichwa siku nzima. Nimezidisha maombi.

Ijumaa, 16 Mei

Lynn alikuwa akifanya hesabu zake mezani, mimi nachagua mchele. Akaweka kalamu chini, akashika kipaji cha uso. Nikamwuliza una nini, akasema hana kitu. Nikamwuliza tena.

"Kichwa tu, Mama. Kidogo."

Nikamwuliza upande gani. Akasema zote. Nikamwuliza tangu lini, akasema tangu juzi, labda. Nikamshika kidevu, nikamgeuza kwenye mwanga, na kile nilichoona ni uso wa Dorine akiwa msichana, mashavu yameingia ndani. Mashavu yale yameingia lini nami naishi naye chumba kimoja?

"Umekula leo?"

"Nimekula shule."

Nilimpa kidonge kimoja, akalala. Mimi nimekaa na mchele wangu usiochaguliwa. Nilipoandika lile ombi nilidhani nimeomba vizuri. Niliomba nisichukuliwe mimi. Sikumtaja Lynn upande wa kuchukuliwa, nilimtaja upande wa kubaki tu, na sasa najiuliza kama Mungu ni mtu wa kusoma karatasi kama zile za mawakili. Magonjwa mengine hushuka kwa damu. Dorine, kisha mimi, kisha huyu.

Jumamosi, 17 Mei

Nimemwomba Mungu abadilishe ombi. Kama ni lazima mmoja, awe mimi.

Jumatatu, 19 Mei

Lynn hakumaliza chakula cha jioni. Anasema shuleni wamepewa kingi.

Jumatano, 21 Mei

Kichwa changu kuanzia asubuhi. Kichwa chake kuanzia saa nne, anasema. Mvua imekatika, baridi imeingia. Anavaa sweta ndani ya nyumba na anatembea polepole.

Alhamisi, 22 Mei

Waruguru ameniuliza kwa nini siongei siku hizi. Nikamwambia mtoto anaumwa kichwa. Akasema, "Mpeleke hospitali basi," kwa namna ambayo mtu mwenye akili timamu angesema. Nitampelekaje? Nitamwambia nini daktari? Kwamba sasa tuko wawili? Nikimpeleka watapima, wakipima watapata, wakipata itakuwa kweli. Naandika hili na naona aibu, lakini ndivyo ninavyofikiri.

Jumapili, 25 Mei

Siku ya ishirini na nane. Kanisani niliinama nikashindwa kuinuka, wakadhani ni Roho Mtakatifu. Bado siku kumi na mbili.

Jumatano, 28 Mei

Naandika ya jana. Jana mkono haukushika kalamu.

Saa tano asubuhi Kitonga, msimamizi wetu, alisimama mwisho wa mkanda akaniita kwa kidole, kwa sababu mashine zikiwa zinafanya kazi hakuna sauti inayosikika. Alinitoa mpaka korido. "Benta, shule wamepiga simu ofisini. Mtoto wako ameanguka assembly. Wamempeleka kliniki, ameamka. Nenda tu, usivue hata koti."

Sijui nilifikaje Ruiru. Nakumbuka nikiingia kliniki na gambuti za kiwanda, sakafu imepigwa deki, nikateleza.

Lynn alikuwa kitandani, macho wazi. Daktari Kagwe alikuwa ameshamdunga kidole na kupima damu. Aliniangalia kwa utulivu.

"Sukari imeshuka sana," akasema. "Ndio anaumwa kichwa, ndio ameanguka. Nitampa glucose, atakuwa sawa. Ni njaa, mama."

Nilimwambia asilirudie neno hilo. Nilisema kwa sauti mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. Nikamwambia nafasi yangu ya tarehe sita ampe mtoto, ampeleke kwenye ile mashine leo, sasa hivi, mimi nitasubiri hata mwaka.

Sasa niandike lile ambalo sijawahi kuliandika wala kulisema. Dorine aliponipigia simu mara ya kwanza kuniambia kichwa kinamuuma, nilimwambia, "Ni njaa tu hiyo, wewe hujui kujipikia. Kula." Mara ya pili nikamwambia hivyo hivyo. Nilimwambia kwa miezi minane. Nilimtania, nikamwita mvivu wa sufuria. Dada yangu alikuwa mtiifu. Alikula kila nilichomwambia ale, na akaendelea kula mpaka siku alipoanza kuona vitu viwili viwili. Walipompiga picha Kisumu, uvimbe ulikuwa wa kadiri ya ndimu. Ndiyo maana Waruguru akisema neno hilo natoka nje. Ndiyo maana nililiandikia daftari la kijani mayai na maharagwe bila dhamiri kunisumbua sana, kwa kuwa mimi nilikuwa najua tayari kwamba haikuwa njaa. Ilishawahi kutokuwa njaa.

Daktari Kagwe hakubishana nami. Alivuta kiti akakaa karibu na Lynn.

"Asubuhi ulikunywa nini?"

Lynn alivuta shuka mpaka kidevuni.

"Jana lunch ulikula nini?"

Lynn aliniangalia, akageuza uso ukutani. "Sitaki kusema. Ukisema inaharibika."

Sentensi ile niliijua, na haikuwa ya mtoto.

"Nini inaharibika?" nikamwuliza.

"Si unajua."

"Lynn."

Akaanza kulia bila sauti, kama mama yake Dorine. "Nilisoma daftari yako ya bluu. Ile siku ulimwaga chai. Nilitaka kujua mbona unamwaga chai. Nikaona umefunga ndio usikufe. Nikasema tufunge wawili ndio isikike haraka. Lunch nilikuwa napea Emmah wa class yetu. Na maji sikuwa nakunywa, sababu na wewe hukunywi."

Zaidi ya wiki tatu. Nilikaa kitandani kwake kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kukaa.

"Daftari ya bluu ni gani, mama?" akauliza daktari.

Nilikuwa na siku ya thelathini mkononi, zimebaki kumi. Kama nitasema, nimevunja. Nikivunja, na ombi langu lile la pili liko mezani, lile la mmoja badala ya mwingine, nani atachukuliwa? Niliona wazi kabisa, kama ninavyoona ukurasa huu, kwamba kufungua mdomo ni kumuua mtoto. Na mtoto alikuwa hapo mbele yangu, midomo imekauka mpaka imepasuka, kwa sababu sikufungua mdomo.

Nikasema. Nilisema yote, mfungo, kikapu, uji ambao sikunywa, chai niliyoacha ghafla, vidonge vinne kwa siku. Daktari Kagwe alisikiliza mpaka mwisho. Akatoa faili langu, akalitazama.

"Huyu mwanamke wa daftari ya kijani nilimtafutia uvimbe kwa sababu anakula vizuri," akasema. "Kumbe hata hayuko."

Hakunigombeza zaidi ya hapo, na ningependelea angenigombeza. Alinieleza taratibu. Mwili ukikosa chakula na maji tangu alfajiri, kichwa kinauma. Mtu wa vikombe vitano vya chai nzito akiviacha kwa siku moja, kichwa kinauma. Na hivyo vidonge ukivizoea kila siku, vyenyewe vinaanza kuleta kile unachovimezea. "Hiyo ni tatu, zote kwa mtu mmoja, mwezi mzima. Lakini sikudanganyi. Skani itabaki, kwa ajili ya sister yako. Kati ya leo na hiyo siku, utakula mara tatu, utakunywa maji, na tembe unaacha. Siku nne za kwanza kichwa itauma mbaya zaidi. Usiogope."

Kuambiwa nisiogope. Hakuelewa kilichokuwa kinaniogopesha wakati ule, kwamba nikila na kichwa kikaendelea, sitakuwa na pa kujificha tena. Nilipokuwa nafunga, angalau kulikuwa na kitu ambacho sijajaribu.

Nesi alileta maji ya glukosi, na kutoka duka la mbele maziwa na mkate. Lynn alifunga mdomo.

"Sikunywi mpaka Mama akule."

"Lynn, kunywa."

"Wewe kwanza."

Ilikuwa saa saba kasoro. Hakuna hata mmoja aliyenihimiza. Nilikata kipande cha mkate, nikakitia mdomoni. Nilikitafuna muda mrefu. Nilikuwa nikimwambia Mungu moyoni kwamba anione mimi niliyefanya hivi, aniandike mimi, asimwandike huyu.

"Hujameza," akasema Lynn.

Nikameza. Yeye akanyoosha mkono, akachukua kikombe.

Alhamisi, 29 Mei

Uji, saa kumi na mbili asubuhi. Githeri ya Waruguru, saa saba. Ugali na dagaa jioni. Maji glasi tano. Nimeenda chooni mara mbili nikiwa kwenye mkanda, nimevua na kuvaa, Kitonga akiniangalia. Kichwa kikali kuliko siku zote. Bila kidonge.

Ijumaa, 30 Mei

Kikali. Nimetapika. Lynn amekaa na bakuli lake, kila kijiko ninachopeleka mdomoni anakihesabu. Yeye kichwa chake kimepungua. Nimefurahi kwa ajili yake, kisha nikaogopa: basi chake kilikuwa njaa, changu je?

Jumamosi, 31 Mei

Siwezi kuandika, mwanga unaniumiza.

Jumapili, 1 Juni

Nilimfuata Mama Mchungaji baada ya ibada nikamwambia nimevunja siku ya thelathini. Akanivuta pembeni, akaangalia nyuma yake.

"Mama Lynn, mimi niko na sugar miaka tisa. Daktari alinikataza kufunga kitambo. Nikikosa kula naanguka."

"Na hukusema."

"Ningesema vipi, mimi ndiye naongoza?"

Tuliangaliana. Nilitaka kukasirika na nilikasirika. Amesimama mbele yetu Jumapili zote hizi amejipaka mafuta kama sisi, ametoka kunywa chai. Lakini alikuwa na woga usoni, na woga ule naujua. Nikamwambia awaambie wengine, kwa sababu huenda kuna mwingine pale anayeanguka jikoni kwake peke yake. Akasema atafikiria. Nikamwambia asifikirie sana.

Jumatatu, 2 Juni

Sikukuu ya Madaraka imesogezwa leo, tuko nyumbani. Kichwa kilikuja saa nane na kuondoka saa tisa. Saa moja tu.

Jumanne, 3 Juni

Sitaki kuandika kuhusu kichwa leo.

Jumatano, 4 Juni

Wala leo. Naogopa nikiandika kitasikia.

Ijumaa, 6 Juni

Siku ya arobaini.

Niliomba ruhusa kazini. Nilikunywa uji kwanza, nikaenda kwenye kile kituo cha Thika, nikalala kwenye ile mashine na macho nimeyafumba. Baada ya saa mbili daktari wa picha akaniita. Mwanamke mdogo, miwani mikubwa. Akasema hakuna kitu.

"Angalia tena," nikamwambia.

Akageuza kioo cha kompyuta nikione mwenyewe. Ubongo wangu ulikuwa wa kijivu, umegawanyika sawasawa kama kokwa nzuri. Alinionyesha upande wa kulia, akapita nao taratibu kwa kalamu. Hapakuwa na ndimu. Nikamwambia asante, nikatoka, nikakaa kwenye ngazi nikamlilia Dorine mpaka askari wa mlangoni akaja kuniuliza kama niitiwe mtu. Miaka mitatu nilikuwa nimemlilia huku nimejishika, leo sikujishika.

Ungedhani ningefika nyumbani nimetulia. Karatasi ilisema hakuna kitu, hofu haijui kusoma. Lynn hutoka shule saa kumi, kufikia kumi na nusu yuko mlangoni. Saa kumi na moja hakuwa amefika. Manyunyu yalianza. Siku ya arobaini, nikajiambia, Mungu alikuwa akingoja leo. Mimi nimeachiliwa, na yule wa kuchukuliwa badala yangu ni Lynn. Nilipika wali na maharagwe kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Saa kumi na moja na robo nilifunika sufuria, nikatoka mpaka geti la ploti na kanga kichwani, nikasimama kwenye tope. Kila mtoto mwenye sweta ya bluu aliyetokea kwenye kona hakuwa yeye.

Akatokea pamoja na Emmah, viatu mkononi, soksi zimelowa, wanabishana kuhusu mpira wa netiboli. Hakunikimbilia. Hakujua kwamba nilikuwa nimeshamzika nikiwa pale getini.

"Tulikuwa na games," akasema. "Mbona umenyeshewa? Skani walisema nini?"

"Walisema hakuna kitu. Kichwa chako je?"

"Kichwa iko sawa."

"Lynn, niambie ukweli."

"Iko sawa, Mama. Ni njaa tu."

Niliangalia uso wake, mashavu, macho, yote mawili yananitazama mimi mmoja. Nikamshika mkono tukaingia ndani, nikafungua sufuria, nikampakulia, nikajipakulia.

"Basi kula," nikamwambia.